Nataka bomba la chuma nilifungue kila wiki mbili bila kulikata. Nifunge kiungo gani?

"Habari za kazi mtaalamu. Nina kitalu cha miche ya matunda huku Mkuranga. Maji natoa kisimani kwa pampu hadi kwenye tangi la plastiki la lita 3,000 lililo juu ya mnara wa mita 4. Kutoka hapo yanashuka kwa bomba la chuma la inchi moja mpaka kwenye chujio, kisha yanaingia kwenye mipira ya matone. Tangi hilohilo ndilo linalolisha nyumba. Maji yana mchanga na kutu, kwa hiyo kila wiki mbili inabidi nitoe chujio pamoja na kipande cha bomba kama mita moja nikisafishe. Fundi amelikata bomba mara mbili na kuliunga tena kwa soketi, sasa panavuja. Mmoja ananiambia maji ya tangi hayana presha, nifunge tu mpira wa baiskeli. Mwingine anasema nichomelee flenji, yaani sahani mbili za chuma zinazobanwa kwa bolti. Wa tatu anasema yunioni, lakini jirani yangu anayo na inavuja tangu siku ya kwanza. Nataka kitu nitakachofungua mwenyewe, na kikifungwa kisidondoshe. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, unachotaka kinawezekana kwa vifaa vya kawaida vya dukani. Wote watatu waliokushauri wana chembe ya ukweli, ila kila mmoja ameruka jambo. Tuanze na mzigo ambao kiungo hicho kitaubeba, kwa sababu hapo ndipo uchaguzi unapoamuliwa.

Maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 10 hutoa presha ya karibu bar 1. Wewe una mnara wa mita 4 na tangi ambalo likijaa linaongeza mita moja na nusu au zaidi kidogo. Chini kwenye chujio, basi, una kama bar 0.55. Bomba la inchi moja lina kipenyo cha nje cha milimita 33.7, na presha hiyo ikisukuma mdomo wake inatoa nguvu sawa na uzito wa kilo 5 hivi. Kwa hiyo aliyekwambia presha ni ndogo amesema kweli. Lakini bomba hilohilo la futi ishirini, yaani mita 6, lina uzito wa karibu kilo 15 likiwa tupu, na likijaa maji linakaribia 18. Kiungo kilichoachiwa kubeba bomba linaloning'inia kinavutwa na uzito kuliko kinavyosukumwa na maji. Kwenye mifumo ya tangi la juu, viungo vingi vinavyovuja vimepindishwa na uzito wa bomba au vimelazimishwa kuunganisha mabomba mawili yasiyotazamana. Ukilielewa hilo, hata yunioni ya jirani yako utajua kwa nini inavuja.

Lipo jambo moja linalopandisha presha ghafla, nalo ni kufunga koki haraka. Kwenye mstari wa mita 20 ambamo maji yanakwenda mita 1 kwa sekunde, ukiifunga koki ya robo mzunguko kwa theluthi moja ya sekunde, presha inapanda kwa kama bar 0.6 juu ya ile iliyokuwepo. Mzigo kwenye kiungo unakuwa maradufu kwa kitambo kidogo. Ukiifunga taratibu kwa sekunde tatu, nyongeza hiyo inabaki chini ya bar 0.1. Mpira wa baiskeli uliozungushiwa unaweza kuvumilia kilo 5 zilizotulia, ila ukigongwa-gongwa hivyo kila siku unalegea, tena ukishavutwa haurudi wote. Uweke kwenye sanduku la dharura, uokoe maji ya siku moja, basi.

Sasa soketi, kile kipande kifupi kinachounga ncha mbili za bomba. Tredi, yaani hesi, za bomba la chuma zimechongwa kwa mteremko: kwa kila milimita 16 za urefu, kipenyo kinabadilika kwa milimita 1. Unapokaza, chuma kinabanana na chuma, na tepu nyeupe au katani inajaza mianya inayobaki. Kiungo cha namna hiyo hukazwa mara moja kikaachwa kwa miaka. Kila ukikifungua, tepu inachanika na kingo za tredi zinalika kidogo. Tena bomba lililokazwa pande zote mbili haliwezi kuzungushwa katikati ya mstari, maana ukililegeza upande mmoja linakaza upande wa pili. Ndiyo maana fundi wako alishika msumeno. Hakuwa na njia nyingine, kwa sababu aliyejenga mstari hakuacha mahali pa kufungulia.

Yunioni imetengenezwa kwa ajili hiyo hasa. Ina vipande vitatu: viwili vinakazwa kwenye ncha za mabomba kwa tepu na vinabaki humo daima, cha tatu ni nati kubwa inayovivuta vikutane uso kwa uso. Maji yanazuiwa pale nyuso mbili zinapokutana. Tredi za ile nati hazizuii maji hata kidogo, kazi yake ni kuvuta tu. Hapa watu wengi wanakosea: wanaizungushia nati tepu nyeupe, nati inakuwa ngumu, wanadhani imekaza kumbe nyuso bado hazijabanana. Kama ya jirani yako ina tepu kwenye nati, itoeni, mfute nyuso kwa kitambaa kikavu, mfunge tena.

Sababu ya pili ni mabomba kutotazamana, na hii ndiyo ninayoishuku zaidi. Legeza nati kabisa, uirudishe nyuma, kisha angalia ncha mbili. Zinatakiwa zikutane kwa kusukumwa na vidole, zikiwa zimepishana si zaidi ya milimita moja au mbili. Kama inabidi uvute bomba kwa nguvu, au nati ndiyo inayolinyoosha, hakuna spana itakayoiponya. Lazima kibano cha bomba kisogezwe au kipande kimoja kichongwe upya kwa urefu sahihi. Sababu ya tatu ni uchafu au kijivimbe cha zinki, ule utando unaokinga chuma na kutu, kwenye uso wa yunioni ya chuma. Pitisha kucha juu yake utakihisi. Na mtu akiona tone akazidi kukaza, anaukwaruza uso, na mkwaruzo huo haufutiki. Kaza kwa mkono mpaka igome, ongeza robo mzunguko kwa spana huku spana ya pili imeshika upande usiozunguka, halafu acha.

Madukani utakuta aina mbili. Ya kwanza ina uso wa mviringo kama koni, chuma kwa chuma au shaba kwa chuma, haina mpira ndani. Ni imara, ila ili itengane lazima bomba lirudi nyuma milimita kadhaa, maana uso mmoja umezama ndani ya mwingine. Ukifunga mbili za hivyo kwenye mstari ulionyooka ulioshikwa imara pande zote, utalegeza nati zote mbili na kipande bado kitagoma kutoka. Aina ya pili ina nyuso bapa na washa ya mpira ya milimita 2 au 3 katikati. Hiyo kipande chake kinatoka kwa kuteleza pembeni, hakihitaji nafasi ya kurudi nyuma, na inasamehe mikwaruzo midogo. Kwa mtu anayefungua kila wiki mbili, chukua ya nyuso bapa, ya shaba, na ununue washa 10 za akiba.

Mpangilio wenyewe uwe hivi. Kutoka juu, kwanza koki, kisha yunioni, kisha chujio na kipande chako cha mita moja, kisha yunioni ya pili, kisha koki ya pili. Koki ya kwanza inakuepusha kumwaga lita 3,000, ya pili inazuia maji ya mstari wa chini yasirudi. Kati ya koki hizo mbili weka tii, yaani kiungo cha njia tatu, yenye kikoki cha nusu inchi kwa chini, ukikifungua maji ya katikati yanamwagika kwenye ndoo kabla hujagusa nati. Tawi la nyumba lianzie juu ya koki ya kwanza na liwe na koki yake, usije ukaikatia familia maji kila unaposafisha chujio.

Koki ziwe za robo mzunguko zenye tundu kamili, yaani pana sawa na bomba, au geti valvu, ile ya bamba linalopanda na kushuka. Usikubali stopkoki inayoyalazimisha maji kupinda ndani yake. Maji yakipita nusu lita kwa sekunde, stopkoki ya inchi moja inakula kama sentimita 40 za kimo, na wewe una mita 4 na ushei tu. Unatupa karibu sehemu moja ya kumi ya presha yako kwenye kifaa kimoja, wakati yunioni haili hata sentimita moja.

Vibano vya bomba ndivyo vitakavyoamua kama kazi hii itadumu. Weka kimoja ndani ya sentimita 30 kila upande wa kipande kinachotoka, kwenye nguzo au ukuta, si kwenye kipande chenyewe. Kipimo ni rahisi: ukishakitoa kipande, mabomba yaliyobaki yasishuke wala kusogea. Yakishuka milimita 5, siku ya kurudisha utayapandisha kwa nati, na hapo umerudi kwa jirani.

Kwa tredi zinazobaki za kudumu, sugua kwa brashi ya waya, zungusha tepu mizunguko 6 hadi 10 kwa bomba la inchi moja la chuma kufuata mwelekeo wa kukaza, na uiache tredi ya kwanza wazi ili vipande vya tepu visiingie ndani, maana vikifika kwenye mipira ya matone vinaziba matundu. Ukikaza ukapita kidogo usirudishe nyuma ili elbo (kiungo cha kona) ikae sawa. Kurudisha kunavunja kile kilichobanana. Fungua, safisha, anza upya. Penye plastiki, kama kwenye mdomo wa chujio, usitumie katani kabisa, kwani ikilowa inavimba na kuipasua, na kaza kwa mkono na nusu mzunguko tu. Kama chujio limetoka Marekani, angalia tredi zake kabla ya kununua vifaa: bomba zetu za inchi moja zina tredi 11 kwa kila inchi, zao zina 11 na nusu. Zinashikana mizunguko michache halafu zinakwama, na zitavuja hata ukimaliza tepu yote.

Kamloki nayo ifikirie. Ni kile kiungo chenye masikio mawili unachokiona kwenye mipira ya pampu za umwagiliaji: upande mmoja una mfuo, mwingine una gasketi na mikono miwili inayokumbatia. Inafunguka kwa mkono mtupu ndani ya sekunde chache. Ungekuwa unafungua kila siku ningekwambia uichukue bila kusita. Kwa wiki mbili, yunioni bapa inatosha na haina mikono ya kunaswa na mpira au nguo. Ukiamua kamloki, funga pini au waya kwenye mikono, na usichukue ya aluminiamu. Upepo wa Pwani una chumvi na visima vingi vina chumvi, na aluminiamu ikigusana na shaba au chuma ndani ya maji hayo inalika haraka. Ya shaba au ya plastiki ngumu itadumu zaidi.

Mpira na klipu vinadharauliwa, ila vina mahali pake, nalo ni juu, pale tangi linapokutana na bomba. Tangi la plastiki likijaa ukuta wake unatanuka, likipungua unarudi. Bomba la chuma halikubali mchezo huo, kwa hiyo linavuta ule mdomo wa tangi kila siku mpaka plastiki inapasuka kuuzunguka. Weka koki kwenye mdomo wa tangi, kisha kipande cha mpira mnene wenye nyuzi kama sentimita 30, kisha bomba la chuma lililobanwa kwenye mnara ili lisilining'inie tangi. Mpira uvalishwe kwenye kiungo chenye meno, si juu ya tredi za bomba zitakazoukata, na kila ncha ipate klipu mbili za chuma kisichoshika kutu. Koki itangulie mpira bila kukosa: mpira ukichomoka, unafunga koki na umepoteza ndoo chache badala ya tangi zima. Jua linauchosha mpira, ukague kila msimu na ubadilishe ukiona nyufa.

Flenji ni nzuri kuanzia inchi mbili kwenda juu. Kwa inchi moja unabeba bolti nne na gasketi kwa kazi ya nati moja. Kuchomelea ndiko ninakokukataza. Joto linaunguza zinki ndani na nje, sehemu hiyo inaanza kutoa kutu, nawe tayari unapigana na kutu, na moshi wa zinki unamletea mchomeleaji homa na kifua kubana. Kama mtu ana sababu ya kutaka flenji, zipo zenye tredi.

Wapo watakaokushauri umpelekee mkereza akutengenezee kiungo cha kuchomeka chenye oringi, yaani pete ya mpira. Inafanya kazi vizuri sana, kwa masharti. Oringi ya unene wa milimita 3.5 inahitaji mfereji wa kina cha milimita 2.8 hivi na upana wa 4.8, ili ibanwe kama sehemu moja ya tano ya unene wake, na mdomo wa upande wa pili ulainishwe kwa mteremko ili usiikate wakati wa kuingia. Uso uwe laini na duara kamili. Bomba la zinki halina sifa hizo, lina mshono wa kiwandani na mabonge ya zinki, kwa hiyo mkereza afanyie kazi kipande cha shaba au cha chuma kisichoshika kutu. Halafu oringi haishiki bomba lisichomoke. Zile kilo 5, au 10 koki ikigongwa, zitalisukuma litoke, hivyo lazima kuwe na pini au kibano.

Washa na oringi za EPDM, aina ya mpira wa viwandani, ndizo zinazofaa maji, lakini zinavimba zikipakwa grisi ya gari au vaselini. Paka mafuta ya silikoni, na kama huna, maji ya sabuni. Kidogo kwenye tredi za nati pia, ili chumvi isiigandishe.

Kabla hujanunua chochote, nikuulize: kwa nini kipande hicho kinaziba kila wiki mbili? Bila shaka mchanga unashuka kutoka tangini na kutulia kwenye kona ya chini. Badala ya elbo pale chini weka tii, mdomo wake wa tatu uelekee ardhini na uwe na mguu wa bomba wa sentimita 30 wenye koki ya inchi moja mwishoni. Mchanga utatulia humo, na kila wiki unaifungua koki kwa sekunde kumi unausukuma nje. Ndani ya tangi, mdomo wa kutolea maji uinuliwe sentimita 5 hadi 10 kutoka sakafuni. Vitu viwili hivyo vinaweza kukupunguzia sana idadi ya mara unazofungua, na chujio lako likiwa la kifuniko cha kuzungusha, huenda ukabaki unatoa kikapu chake tu. Yunioni bado ziweke, kwa siku ya kubadilisha.

Sasa mambo usiyoyafanya peke yako. La kwanza ni umeme. Nyumba nyingine zimefunga waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, kwenye bomba la maji, na pampu yako imeungana na mabomba hayohayo. Ukikata mwendelezo wa chuma kwa mpira, plastiki au hata kwa kulifungua bomba, unaweza kuwa umeikata ethi ya nyumba. Zima swichi kuu na ya pampu kabla ya kazi ya kwanza, na ukiona waya umefungwa kwenye bomba, au umewahi kuhisi mtetemo ukigusa koki, muite fundi umeme aweke ethi yake yenyewe ardhini kabla ya yote. La pili ni mnara. Tangi lako likijaa lina tani 3. Kama miguu ina kutu inayomeguka au umeinama, usipande na spana, mwite fundi wa chuma aukague ukiwa mtupu. La tatu ni mbolea. Ukiingiza mbolea au dawa kwenye mstari wa matone huku nyumba ikinywa kutoka tangi hilohilo, mtu mwenye ujuzi wa umwagiliaji aje akupangie tangi dogo la peke yake, maana koki na vali ya kuzuia kurudi zinaweza kuvuja bila dalili. Na mambo haya yote ni ya bomba la kushuka. Upande wa pampu kwenda juu una presha nyingine, na upande wa kuvuta kutoka kisimani kiungo kibovu hakidondoshi maji ila kinavuta hewa, pampu inapoteza nguvu na huoni tone lolote.

Ukishafunga, jaribu hivi. Funga koki ya chini, fungua ya juu robo tu ili hewa itoke taratibu kupitia kile kikoki cha nusu inchi, kikianza kutoa maji bila mapovu kifunge, kisha fungua ya juu yote. Funga karatasi ya chooni kavu kuzunguka kila kiungo, urudi baada ya nusu saa. Iliyolowa itakuonyesha pa kurudia. Penye yunioni fungua, futa, geuza washa, funga. Penye tredi toa tepu yote uanze upya. Kesho yake asubuhi, tangi likiwa limejaa, rudia karatasi mara moja zaidi, kwa kuwa usiku bomba limepoa na kusinyaa kidogo, na kiungo kilichofungwa kwa kulazimishwa huwa kinajitokeza saa hizo.